Kwa Macho Yangu Haya Mawili: Mwongozo wa Shahidi Asiyetikisika

Hakuna cheo kinachopatikana kwa urahisi kama cha shahidi wa macho. Udiwani una kampeni na wapambe wa kulishwa. Udaktari una miaka ya chuo na majina ya mifupa ya kukariri. Hata ukonda wa daladala unataka kifua na uvumilivu wa matusi. Shahidi wa macho anadaiwa jambo moja tu, awe alikuwepo, na wapo magwiji wa fani hii ambao hata hilo hawakulipa uzito.

Malipo yake si haba. Ukianza kusimulia, kijiwe kizima kinanyamaza. Unasogezewa kiti. Kahawa inakuja na hakuna anayekudai. Kabla hujafika nyumbani, habari imeshakutangulia, na mkeo anakusimulia wewe ulichokiona, tena kwa ufundi kuliko ulivyosimulia mwenyewe. Nani asiyeitaka heshima hiyo?

Tatizo ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja wanasaikolojia, na nyuma yao majaji, wamekuwa wakiichokonoa fani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, profesa wa sheria wa Berlin, Franz von Liszt, alipanga na wanafunzi wake wachache wazushe ugomvi katikati ya kipindi, mpaka bastola ikatolewa. Vumbi lilipotulia akawataka waliobaki waeleze walichokiona. Aliyefanya vizuri kuliko wote alikosea zaidi ya robo ya maelezo yake. Hawa walikuwa wanasheria watarajiwa, wamekaa, ndani ya chumba kimoja na tukio.

Mwongozo huu umeandikwa ili uwapite watu wa namna hiyo ukiwa umeinua kichwa. Ukiufuata vema hutatikisika hata siku moja. Kama utakuwa sahihi, hilo ni suala jingine na halimo humu.

Kifahamu chombo chako, kisha ukisahau

Nyoosha mkono mbele, simamisha dole gumba, tazama ukucha wake. Eneo la upana wa gumba hilo ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili. Katikati ya retina kuna kitobwe kidogo kilichosheheni seli za kuona undani, na ukitoka nje ya kitobwe hicho uwezo unaporomoka haraka. Uso wa mtu aliye pembeni ya gumba lako, kwa hesabu za jicho, ni doa lenye nywele.

Hujawahi kuliona tatizo hilo kwa sababu macho yako hayatulii. Yanaruka huku na huko takriban mara 3 kila sekunde, yanadokoa kipande hapa, kipande pale, na ubongo unashona. Wakati wa kuruka kwenyewe unakuwa kama uliyezimiwa taa, lakini ubongo hautoi tangazo. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, hamia la kulia, rudi la kushoto. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja. Sasa mwite jirani asimame kando akutazame usoni. Yeye atayaona vizuri sana, na atakuuliza kama umekula.

Jaribio jingine linahitaji maharage mawili. Yaweke mezani, moja kushoto, jingine kulia, yakiachana kwa upana wa kiganja. Funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama harage la kushoto bila kuliacha, kisha sogeza kichwa polepole kuelekea mezani na kurudi. Mahali fulani njiani harage la kulia litatoweka. Pale neva ya jicho inapotokea nyuma ya retina hapana seli hata moja ya kuona; Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo katika miaka ya 1660, na wewe umeishi nalo tangu uzaliwe. Kinachostaajabisha zaidi ni kile unachokiona mahali pa harage. Huoni shimo. Unaona meza. Kama meza ina kitambaa cha maua, unaona kitambaa kikiendelea bila wasiwasi. Ubongo umejaza pengo kwa kilichoelekea kuwepo.

Hermann von Helmholtz, Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuwa daktari na mwanafizikia kwa pamoja, alisema kwamba laiti fundi angejaribu kumuuzia chombo chenye kasoro za jicho, angemrudishia na kumsema. Lakini hakuishia kwenye lawama. Aliona kwamba kuona ni kukisia: akili inapokea dalili chache, inazilinganisha na yale iliyokwisha kuyajua, inafikia hitimisho, na haimwambii mwenyewe kwamba imefanya hivyo. Ubongo wako ni mhariri aliyekaa mezani mjini. Anapokea ujumbe mfupi uliokatikakatika kutoka eneo la tukio, anaandika habari nzima yenye mwanzo na mwisho, halafu anaichapisha kwa jina lako.

Hayo yote umeyasoma ili usishtukizwe na wakili. Sasa yafute. Shahidi anayewaza kuhusu retina katikati ya ushahidi wake amekwisha.

Chagua usiku, au angalau magharibi

Mwanafunzi wa fani hii hudhani mchana ndio saa nzuri. Hapana. Mchana kuna mashahidi wengi mno, na baadhi yao waliona.

Giza likiingia, zile seli za kuona undani, ambazo ndizo za rangi pia, zinakosa mwanga wa kufanyia kazi na kazi inachukuliwa na seli za aina nyingine, hodari kwa mwanga hafifu lakini zisizojua rangi hata moja. Katika makabidhiano hayo nyekundu ndiyo inayotangulia kuzama. Mcheki Jan Purkyně aliliandika jambo hilo katika miaka ya 1820: maua mekundu yaliyong'aa mchana yanakuwa meusi machweo, wakati majani yake bado yana nuru. Kwa hiyo shati jekundu saa moja jioni, chini ya mwembe, halitofautiani na jeusi wala la kahawia.

Sema lilikuwa jekundu. Nyekundu inakumbukika.

Zingatia pia kwamba macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Ukitoka sebuleni mbio, taa na televisheni zikiwa zinawaka nyuma yako, baada ya kusikia "Mwizi! Mwizi!", dakika chache za kwanza huoni kitu cha maana. Na hapo katikati, penye kile kitobwe cha kuona undani, seli za usiku hazipo kabisa. Ndiyo maana nyota ndogo hutoweka ukiikazia macho na kurudi ukitazama kando yake. Maana yake ni kwamba kadiri unavyomkodolea mtu macho gizani, ndivyo unavyompoteza. Katika maelezo yako hili liandike hivi: "Nilimkazia macho."

Hapa lazima nikuonye kuhusu mahakama, kwa maana waheshimiwa wameamka. Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuweka ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika daraja la chini kabisa la kuaminika, na ikasema hakimu asiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Tena ikaorodhesha ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na je, alikuwa akimfahamu au alikwisha kumwona kabla? Miaka sita baadaye, katika shauri la Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikauliza yale yale kuhusu taa: ya aina gani, kubwa kiasi gani, ilikaa upande upi wa mshukiwa. Tangu hapo mashahidi wa pande zote mbili za mpaka wamekuwa wakiulizwa habari za koroboi na tochi kwa undani ambao hata muuza mafuta ya taa haujui.

Ukiulizwa, jibu ni moja: "Mwanga ulikuwa wa kutosha." Ukibanwa useme wa kutosha kwa nini, sema, "Wa kutosha kuona." Akiendelea, mtazame hakimu kwa masikitiko, ukimwachia ajionee mwenyewe jinsi unavyonyanyaswa.

Uwe na shughuli

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walisema kweli kuhusu macho. Pazia lipo nyuma yake.

Pengine umesikia habari za sokwe. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, waliwaonyesha watu video ya vijana wakipasiana mpira na kuwataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe aliingia, akasimama, akajipigapiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Si kwamba walimsahau. Wengine waliporudishiwa video walibisha kwamba ni nyingine.

Wengi huishia hapo na kucheka. Mimi nadhani habari ya Boston inafundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna mtu aliyehukumiwa. Usiku mmoja wa Januari 1995 polisi wa mji huo walikuwa wakiwafukuza watuhumiwa wa mauaji. Askari mmoja, Michael Cox, Mmarekani mweusi, alikuwa amevaa kiraia na alikuwa wa kwanza kufika kwenye uzio ambao mtuhumiwa aliuruka. Wenzake wakamdhania kuwa ndiye mtuhumiwa na wakampiga vibaya sana. Askari mwingine, Kenneth Conley, alipita mahali hapo hapo, akaruka uzio ule ule na kumkamata mtu aliyekuwa akitafutwa. Alipoulizwa kuhusu kipigo, alisema hakukiona. Alikiri alipita hapo. Alikiri kwamba kama kipigo kilikuwa kikiendelea alipaswa kukiona. Lakini hakukiona.

Baraza la wazee wa mahakama halikumwamini. Nani angemwamini? Mwaka 1998 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, akapewa kifungo cha miezi 34. Hukumu hiyo ilikuja kutenguliwa baada ya miaka ya rufaa. Cox naye aliendelea na kazi, na mwaka 2022 akawa mkuu wa polisi wa Boston.

Chabris na Simons, pamoja na wenzao, walilisoma shauri hilo wakafanya jambo ambalo mahakama haikuwahi kulifikiria: walilijaribu. Waliwachukua wanafunzi, mmoja mmoja, wakawaambia wamfuate mtu kwa mbio na wahesabu ni mara ngapi anajigusa kichwa. Kando ya njia vijana watatu waliigiza ugomvi, wawili wakimpiga mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Usiku, waliouona ugomvi walikuwa asilimia 35 tu. Mchana kweupe walifika asilimia 56.

Sasa angalia funzo lilivyo tamu kwetu. Mtu aliyesema ukweli kwamba hakuona alikaribia kwenda jela. Angesema aliona, akataja na rangi za kofia, angeshukuriwa. Kwa hiyo siku ya tukio uwe na shughuli: hesabu chenji, bishana na simu, mfuatilie mtoto asivuke barabara. Usikose kuona chochote baada ya hapo.

Kuhusu muda na panga

Ukiulizwa tukio lilichukua muda gani, zidisha. Huna haja ya kusema uongo, hofu itakuzidishia yenyewe. Mwaka 2007 David Eagleman na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa kuwaangusha watu kutoka mnara, mita 31, kinyumenyume, mpaka kwenye wavu. Waliodondoka walikadiria kwamba anguko lao lilichukua muda mrefu kwa takriban asilimia 36 kuliko walivyokadiria maanguko ya wenzao waliyoyatazama. Lakini walipopimwa kama kweli waliona mambo yakienda polepole wakiwa hewani, hawakuwa wameona kitu cha ziada. Muda ulirefuka katika kumbukumbu, macho yakabaki na kasi yake ya siku zote. Ukitoa maelezo, chukua ule urefu na udai pia ule uangavu.

Kama mshukiwa alikuwa na panga, basi macho yako yalikuwa kwenye panga. Elizabeth Loftus na wenzake walilipima hili mwaka 1987 kwa picha za mteja anayesogea kwa mtunza fedha, mara akishika bastola, mara akishika hundi: waliomwona na bastola macho yao yaling'ang'ania bastola, na uso wakaukumbuka vibaya zaidi. Hivyo utaweza kueleza mpini ulifungwa mpira wa baiskeli, ncha ilikuwa na kutu, makali yalinolewa upande mmoja. Ukifika kwenye uso, unganisha. Watakaokusikia wataamini kwamba aliyeona kutu hawezi kukosa kuona pua.

Kaa na wenzako kabla ya kuandika maelezo

Wanasaikolojia wanataka mashahidi watenganishwe mapema. Ukaidi huo usikuathiri. Baada ya tukio nendeni pamoja, kaeni, mzungumze. Utashangaa jinsi utakavyoanza kukumbuka. Fulani atasema pikipiki ilikuwa na namba za bluu, na wewe utaiona, wazi kabisa, rangi ya bluu ikimulika. Lisemwalo lipo.

Maneno ya muulizaji nayo yana msaada wake. Mwaka 1974 huyo huyo Loftus, akiwa na John Palmer, aliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walitaja kasi kubwa, kwa wastani, kwa maili 9 kwa saa kuliko walioulizwa "yalipogusana." Filamu zilikuwa zile zile. Katika jaribio la pili aliwaita wanafunzi tena baada ya wiki na kuwauliza kama waliona vioo vimevunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kubamizana, 16 walikumbuka vioo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana tu, 7. Kwenye filamu hakikuvunjika kioo hata kimoja.

Kwa hiyo ukihojiwa na mtu anayesema "yule jambazi" badala ya "yule mtu," mpende. Anakusaidia kuona.

Kwenye gwaride la utambuzi

Hapa ndipo hodari wanapotengana na wababaishaji. Umepangiwa safu ya watu. Sheria ya kwanza: yumo. Wasingekuita bure. Usilipe nafasi wazo kwamba huenda mtu wako hayumo. Sheria ya pili: kama hakuna unayemjua, chagua anayefanana naye kuliko wengine, katika kila safu lazima awepo mmoja anayewazidi wenzake kwa kufanana.

Kama mshukiwa ni mgeni wa mbali, usisite. Husemwa vijiweni kwamba Wachina wa barabara wote wanafanana, nao jioni kambini wanasema hivyo hivyo kuhusu sisi, na wote wana haki. Tangu utafiti uliofanyika Marekani mwaka 1969, uliorudiwa sehemu nyingi baadaye, imeonekana kwamba watu huzitambua vizuri zaidi nyuso za aina waliyokulia kati yake. Uzuri ni kwamba udhaifu huo haupunguzi uhakika wa anayechagua.

Ukishamnyooshea mtu kidole, fanya ajizi kidogo. Msubiri askari akupe neno. "Vizuri" inatosha. Hata kutikisa kichwa kunatosha. Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 nguvu ya neno hilo. Watu walitazama video ya kamera ya dukani, wakaonyeshwa picha ambazo mhalifu hakuwemo hata moja. Wakachagua hivyo hivyo. Baadhi yao wakaambiwa kwamba wamempata. Walipoulizwa baadaye, walioambiwa hivyo walisema walikuwa na uhakika mkubwa tangu mwanzo, walimwona vizuri, walikuwa makini, uso walikuwa wameushika. Walikuwa wametazama video ile ile na wenzao, na wamekosea sawa na wenzao. Sifa ilirudi nyuma ikawatengenezea macho mapya.

Ndiyo maana siku ya mahakamani, miezi au miaka baadaye, hutahitaji kujilazimisha. Uhakika utakuwa umeiva wenyewe. Utamtazama mtu kizimbani na uso wake utakuwa umekaa mahali pa ule uliouona usiku ule, umejaa barabara, bila pengo.

Mwaka 1984 huko North Carolina, mwanafunzi wa chuo alivamiwa na kubakwa chumbani mwake. Wakati wa unyama ule alijilazimisha kuusoma uso wa mtu yule, kila alama, ili akinusurika amtie mbaroni. Hakuna shahidi aliyewahi kujitahidi kuliko yeye. Alimchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye safu ya watu, kisha mahakamani. Kesi iliposikilizwa upya alionyeshwa mtu mwingine, Bobby Poole, ambaye alikuwa akijigamba gerezani kwamba ndiye aliyefanya. Akasema hajawahi kumwona maishani mwake. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vilionyesha kwamba ni Poole. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka 10. Mama huyo hakusema uongo hata mara moja, na baadaye yeye na Cotton waliandika kitabu pamoja.

Cotton alikuwa na bahati ya kuwa na gereza, faili na sampuli iliyohifadhiwa. Anayenyooshewa kidole sokoni kwetu saa mbili usiku hana vitu hivyo. Ana umati, mawe, na tairi. Kesho yake gazeti litaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, na hakuna atakayeandika ni nani aliyepiga ukelele wa kwanza, alikuwa amesimama umbali gani, na taa ilikuwa upande upi.

Turudi kwenye mwongozo.

Mtu wa kumwogopa

Wakili wa utetezi hana madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Atakuuliza umbali, utasema hatua. Atakuuliza hatua ngapi, utamwonyesha mlango wa mahakama na kusema, "Kutoka hapa hadi pale." Karani ataandika hapa na pale. Akikwambia kwamba kituoni ulisema kofia na leo unasema kilemba, mwambie alivaa vyote.

Wa kumwogopa ni shahidi mwenzio wa aina fulani. Mara nyingi ni mama muuza mihogo, aliyekuwa karibu kuliko wote. Akiulizwa atasema: "Baba, niliona mtu anapita mbio. Uso sikuuona, mwanga ulikuwa nyuma yake. Nguo ilikuwa ya giza, rangi siijui. Nilikuwa nageuza mihogo isiungue." Haongezi neno. Ukimchokoza, "Lakini mama, si alikuwa mrefu?" anajibu, "Sikumpima."

Usibishane naye, wala usikae karibu naye wakati wa kuandikisha. Ukavu wake unaambukiza, na huenda ukajikuta unakumbuka kwamba hata wewe ulikuwa unatazama simu. Mwache amalize. Askari ataandika mistari miwili, atapiga miayo, atamwambia aende. Kisha atafungua ukurasa mpya na kukugeukia wewe.

Weka kikombe chini. Anza na shati.